Je, filamu za Kijapani za wanamapinduzi wanaouana zimetiwa chumvi?

Watazamaji wengi huamini kwamba zile filamu za Kijapani za bajeti ndogo, ambamo vijana wa mrengo wa kushoto wanageukana na kuuana wenyewe kwa wenyewe, zimetiwa chumvi ili ziuze. Si ajabu kuamini hivyo: picha ni nyeusi na nyeupe, vyumba ni viwili vitatu, mara rangi inaingia ghafla na damu imetapakaa.

Lakini yaliyotokea kweli ni mazito kuliko sinema nyingi. Majira ya baridi ya 1971 hadi 1972, katika milima ya Gunma, mkoa wa Japani, kikundi cha mrengo wa kushoto kilichoitwa Jeshi Jekundu la Muungano (Rengo Sekigun), chenye watu wasiofika 30, kiliwaua wenzao 12 katika vikao vya kujikosoa, yaani vya kumlazimisha mwanachama akiri makosa yake mbele ya wenzake. Walipigwa, wakafungwa kwenye nguzo, wakaachwa kwenye baridi kali. Mwanamke mmoja aliandamwa kwa kuvaa pete. Pete tu! Februari 1972 wanachama watano wa kikundi hicho waliokwepa polisi walijifungia na mateka kwenye nyumba ya mapumziko huko Karuizawa kwa siku 10, taifa likitazama kwenye televisheni.

Ukitaka kupima mwenyewe, anza na mwaka wa filamu. Iliyopigwa 1970 haiwezi kuwa inasimulia mauaji ya Gunma, ingawa yaweza kusimulia ugomvi wa makundi uliokuwa tayari umepamba moto vyuoni. Za baadaye zilinganishe na magazeti ya Machi 1972, miili ilipofukuliwa, na hukumu za mahakama. Mazungumzo ya wahusika mara nyingi ni ya kubuni. Idadi ya waliokufa na namna walivyokufa ndiyo inayokaguliwa.