Kabla hujanunua kamera mpya, angalia mboni

Nimeulizwa tena wiki hii, picha za retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) za wazee zinatoka na ukungu, tununue kamera ya megapikseli ngapi? Jamani hapana! Niambieni kwanza mboni ya huyo mzee ilikuwa na upana gani na kama taa za chumba mlizima.

Kamera ya fundus, yaani ya kupiga picha ya nyuma ya jicho, isiyohitaji matone ya kupanua mboni, inataka mboni ya kama milimita 4. Mboni ya mtu wa miaka 75 haifunguki kama ya kijana, na ukishapiga flashi jicho la kulia la kushoto nalo linabana, kwa hiyo subiri dakika chache gizani. Google walipopeleka programu yao ya kusoma picha za wagonjwa wa kisukari kwenye kliniki za Thailand, ripoti ya 2020 ilisema 21% ya picha 1,838 zilikataliwa kwa ubora, na mwanga wa vyumba ulichangia.

Matone sasa, hapa ndo huwa nakasirika. Mtu anaweka tropikamaidi 1%, dawa ya kupanua mboni, dakika kumi baadaye anasema haijafanya kazi. Macho yetu ni meusi, ile rangi ya jicho inaishika dawa na kuiachia taratibu, ngoja nusu saa, ikibidi ongeza tone lingine, ila hakikisha kwanza pembe ya ndani ya jicho, pale maji ya jicho yanapotokea, sio nyembamba maana unaweza kupandisha presha ya macho. Machozi nayo yasambae vizuri juu ya jicho: mwambie apepese kabla ya kupiga, basi.

Mtoto wa jicho ndo kazi. Huo ukungu wa lenzi ya jicho unatawanya mwanga kabla haujafika kwenye retina, megapikseli zitakuchorea ukungu ule ule kwa ufasaha zaidi. Lakini ukungu hauko sawa kote, sogeza kamera kidogo kushoto, kulia, juu, utapata upenyo. OCT, mashine inayoskani tabaka za retina kwa mwanga, ya mawimbi ya nanomita 1050 hupenya vizuri kuliko ya 840, hiyo kweli ni faida ya mashine.

Na mzee ambaye makula (katikati ya retina, panapoona vizuri) imeharibika haioni ile alama unayomwambia aitazame, sio mbishi, mpe taa ndogo iliyo nje ya kamera aitazame kwa jicho la pili kama linaona.

Programu za kusafisha picha mimi bado naziogopa. Kuunganisha skani nyingi za sehemu moja naelewa, chengachenga zinapungua, lakini programu inayolainisha skani moja inaweza kufuta kimaji kidogo kwenye retina ambacho ndo nilikuwa nakitafuta, na kwa macho siwezi kujua imefuta nini. Alama 8 kati ya 10 inayotoa mashine ya OCT nayo isikutulize, inapima nguvu ya signali tu, kwenye jicho lenye druseni (vidonge vya uchafu chini ya retina) nyingi mistari ambayo mashine inachora kwenye tabaka inaweza kukaa pabaya na namba ya unene wa retina ikawa ya uongo, fungua skani uitazame mwenyewe. Isiposomeka andika haisomeki na mzee aonwe na daktari, usimwandikie yuko sawa.