Alizeti Ndani ya Tanki: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Biodizeli Katika Magari ya Kulala

Mtu aliyekulia Dodoma au Singida ameishi kati ya mashamba ya alizeti na mashine za kukamulia, kwa hiyo neno biodizeli, yaani mafuta ya injini za dizeli yanayotengenezwa kutokana na mafuta ya mimea, likitajwa, kinachomjia kichwani kwanza ni dumu la lita 20 la mafuta yaliyotoka mashineni asubuhi hiyo. Kosa kubwa kuliko yote huanzia hapo. Wanaoumia zaidi ni wenye magari ya kulala, yaani zile Land Cruiser na malori madogo yaliyowekewa kitanda, jiko na tanki la maji kwa ajili ya safari ndefu, kwa sababu injini ikizimika njiani kati ya Kondoa na Babati, mwenye gari amekosa usafiri na malazi kwa wakati mmoja.

Dhana: Mafuta ya alizeti yakishachujwa vizuri tayari ni biodizeli.

Wenye kushikilia dhana hii hukumbusha kwamba katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ni kweli iliendeshwa, lakini injini ile na pampu zake hazifanani na za leo. Dizeli ikiwa na joto la nyuzi 40 huwa na mnato (kipimo cha uzito wa kutiririka) wa kati ya milimita za mraba 2 na 4.5 kwa sekunde, ilhali mafuta ya alizeti katika joto hilohilo huzidi 30. Nozeli iliyotengenezwa kupuliza kimiminika chepesi kiwe kama ukungu haiwezi kuyapuliza mafuta mazito hivyo. Hutoka matone makubwa yasiyoungua yote, masizi magumu huganda kwenye ncha za nozeli na kwenye ringi za pistoni, na sehemu ya mafuta huvujia chini na kuifanya oili ya injini iwe nzito kama uji. Jambo linalowadanganya wengi ni kwamba gari huwaka na kwenda vizuri majuma ya mwanzo, kisha madhara hujitokeza wakati dumu limekwisha sahaulika.

Biodizeli hupatikana baada ya mafuta hayo kubadilishwa kikemia. Kilo 100 za mafuta, za alizeti au hata yaliyokwisha kukaangia chipsi, huchanganywa na takriban kilo 10 za methanoli pamoja na kichocheo kama kostiki soda. Glisirini hujitenga na kutuama chini, na kinachobaki juu huoshwa na kukaushwa. Hapo mnato hushuka hadi karibu 4 au 5. Sishauri mtu yeyote afanye kazi hii uani kwake: methanoli ni sumu inayoweza kupofusha, na mwali wake mchana hauonekani kwa urahisi.

Kwa sababu hiyohiyo, kuyapunguza mafuta ghafi kwa dizeli nusu kwa nusu hakuyageuzi kuwa mchanganyiko wa biodizeli. Alama ya B20 maana yake ni sehemu 20 za biodizeli iliyokamilika ndani ya sehemu 100 za mafuta yote.

Dhana: Biodizeli yoyote huua injini.

Hii ni dhana iliyo kinyume cha ile ya kwanza. Kiwango cha dizeli cha Ulaya huruhusu hadi asilimia 7 ya biodizeli, na cha Marekani huruhusu hadi asilimia 5 ndani ya dizeli ya kawaida, kwa hiyo gari la kulala lililonunuliwa huko likiwa limetumika huenda lilikwisha kuizoea kabla ya kupanda meli. Watengenezaji wengi huruhusu hadi asilimia 20 katika baadhi ya injini zao; kitabu cha gari ndicho cha kuulizwa, maana injini mbili za kampuni moja zaweza kutofautiana. Tena kiasi kidogo tu, asilimia 1 au 2, huongeza ulainishaji katika dizeli iliyoondolewa salfa, jambo lenye manufaa kwa pampu zinazolainishwa na mafuta yenyewe.

Tahadhari ya kweli iko kwenye magari ya zamani. Mabomba na sili za mpira wa asili hulainika na kuvuja mchanganyiko ukiwa na biodizeli nyingi, na ni busara fundi pampu azikague kabla, si baada.

Dhana: Filta ikiziba, mafuta yalikuwa machafu.

Huenda yalikuwa masafi. Biodizeli huyeyusha uchafu ulioganda ndani ya tanki kwa miaka mingi na kuusukuma hadi kwenye filta. Filta ya kwanza hubadilishwa mapema, na ya akiba hubebwa garini.

Dhana: Mafuta ya mimea hayaozi, hivyo yanaweza kukaa tankini hadi msimu ujao.

Dhana hii ndiyo inayonihuzunisha zaidi, kwa kuwa gari la kulala husimama kuliko gari lolote jingine, na mengi ya kwetu huegeshwa miezi yote ya mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo hushambuliwa haraka na oksijeni. Hata kipimo cha iodini cha biodizeli yake, kinachoonyesha jinsi ilivyo rahisi kushambuliwa hivyo, kwa kawaida huzidi 120, ambacho ndicho kikomo cha kiwango cha Ulaya. Mafuta yaliyochachuka huwa na asidi na hufanya gundi. Isitoshe, biodizeli hunyonya unyevu kuliko dizeli, na maji yakituama chini ya tanki, vijidudu huzaliana pale yanapokutana na mafuta. Kabla ya kuegesha, mchanganyiko utumike uishe, tanki lijazwe dizeli ya kawaida hadi juu ili hewa ibaki kidogo, na maji yaliyokusanyika kwenye kichujio cha mafuta yamwagwe nje.

Dhana: Baridi ni tatizo la Ulaya.

Biodizeli ya mawese huanza kuganda kwenye nyuzi 13 hadi 16, na usiku wa Julai hapa Dodoma hukaribia nyuzi hizo. Katika mchanganyiko wa asilimia 20 hatari hupungua sana, lakini anayekwenda kulala kwenye ukingo wa Ngorongoro au nyanda za Makete atangulie kufikiri. Ya alizeti hustahimili baridi vizuri zaidi.

Kuhusu ulaji, B20 hupunguza nishati kwa asilimia 1 au 2 tu, kiasi ambacho dereva hatakihisi. Moshi na masizi hupungua, ingawa oksidi za naitrojeni zinaweza kuongezeka kidogo. Kwenye injini mpya zenye kichujio cha masizi, biodizeli hujipenyeza katika oili wakati kichujio kinapojisafisha, kwa hiyo oili hubadilishwa mapema zaidi.

Anayeuziwa biodizeli aombe cheti cha maabara. Kisha aweke kiasi katika chupa inayoonyesha na kuiacha usiku kucha: ukungu au tabaka mbili asubuhi ni dalili ya maji, sabuni au glisirini, na mafuta hayo hayapaswi kuingia tankini. Chupa ikiwa angavu, cheti bado kinahitajika, kwa sababu methanoli iliyobaki haionekani kwa macho.