Kufunga, mazoezi na ubongo: maswali kutoka Mwanza

Swali: Nasikia kufunga kunazuia ubongo kuzeeka. Ni kweli?

Jibu: Kuna ukweli, ila umetiwa chumvi. Ukikaa saa 12 hivi au zaidi bila kula, akiba ya sukari kwenye ini hupungua, mwili unageukia mafuta, na ini linatengeneza ketoni ambazo ubongo huzitumia kama nishati. Kwa panya wa maabara, mtafiti wa ubongo Mark Mattson wa Marekani na wenzake waliona seli za ubongo zikihimili madhara vizuri zaidi. Lakini panya wa maabara si mvuvi wa Mwaloni. Kwa binadamu ushahidi bado mchanga.

Swali: Na mazoezi?

Jibu: Hapo ndipo ningeweka nguvu zangu. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2011 ulifuatilia wazee 120 kwa mwaka mzima. Waliotembea kwa kasi dakika 40, siku 3 kwa wiki, hipokampasi yao, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu, iliongezeka kama asilimia 2. Ya wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu ilipungua. Tena mazoezi hushusha presha, na presha ndiyo inayoongoza kwa kuleta kiharusi. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Swali: Mimi ni mama lishe Kirumba, nasimama kutwa. Hiyo haitoshi?

Jibu: Pole na kazi, mama, lakini kusimama hakupandishi mapigo ya moyo vya kutosha. Tembea kasi ambayo unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Wanaopanda kwa miguu hadi nyumba za kwenye mawe kule Igogo wanalipata zoezi hilo bure, mradi wasiite bodaboda.

Swali: Nina kisukari, natumia insulini. Nifunge?

Jibu: Usianze kabla ya kuonana na daktari wako. Insulini, na vidonge vya kisukari kama glibenklamidi, vinaweza kushusha sukari kupita kiasi ukiwa hujala. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho jingi au kuchanganyikiwa, fungua hapohapo kwa kitu chenye sukari, hata kama magharibi imebaki dakika chache. Mjamzito na anayenyonyesha nao waulize kliniki kwanza.

Swali: Nafunga Ramadhani kila mwaka. Nifanye mazoezi saa ngapi?

Jibu: Matembezi mepesi karibu na magharibi yanafaa, kwa sababu muda wa kunywa maji unakaribia. Mazoezi mazito yasubiri saa moja au mbili baada ya futari. Na futari yenyewe iangalie: ukifungua kwa sinia la kaimati na juisi ya sukari, faida unayoitafuta inaliwa papo hapo. Anza na maji na tende chache, kisha sato wa mchuzi na mboga za majani. Dawa za presha usiziruke. Mwombe daktari akupangie za daku na za futari.