Kuchangia Shirika la Usonji Kupitia Makato ya Mshahara

Mtoto mwenye usonji ambaye bado hasemi anaweza kuchukua miezi kadhaa kumzoea mtaalamu mmoja wa lugha na matamshi. Wiki za mwanzo huenda asikubali hata kukaa. Baadaye atakaa dakika 2, kisha 5, halafu siku moja atachukua kadi yenye picha ya kikombe na kumpa mtaalamu mkononi, akimaanisha ana kiu. Kwa anayetazama kwa mbali ni jambo dogo sana, lakini kwa mama yake, aliyekuwa akibahatisha kila kilio, ni mara ya kwanza kuambiwa kitu na mwanawe. Mtaalamu huyo akiondoka katikati ya safari kwa sababu fedha za kumlipa zimekatika, sehemu kubwa ya kazi huanza upya na mgeni.

Naanza na kadi hiyo kwa sababu ndiyo jibu la swali ambalo sisi tunaotoa huduma hizi huulizwa na waajiri: kwa nini mnaomba wafanyakazi wachangie kidogo kila mwezi, badala ya kampuni kutoa hundi moja kubwa tukamaliza? Hundi kubwa tunaishukuru. Itanunua vifaa, itapaka rangi darasa, itaziba mifereji ya mvua. Lakini mshahara wa mtaalamu hulipwa kila mwezi, na hakuna meneja mwangalifu atakayemwajiri mtu kwa miaka 3 akitegemea hundi asiyojua kama itarudi mwakani. Fedha ya kuajiria ni ile unayojua kwamba mwezi ujao itaingia tena.

Usonji wenyewe ndio unaodai utulivu wa namna hii. Si maradhi yanayotibiwa yakaisha. Ni namna ubongo ulivyokua tangu mwanzo, na mtu huishi nao utotoni, ujanani na uzeeni. Hugusa mawasiliano, mahusiano na hisi: taa inayopepesa, feni inayokwaruza au lebo ya shati shingoni vinaweza kumchosha mtu kupita anavyoweza kueleza. Wengi hutulia pale siku yao inapofuata utaratibu wanaoujua, na huumia utaratibu huo unapovunjwa bila taarifa. Wapo wanaohitaji mtu kando yao saa 24. Wapo pia wanaofanya kazi, wanaolea watoto wao, na waliojulikana kuwa na usonji wakiwa tayari watu wazima.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, akiwa Baltimore nchini Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 aliowaona wanafanana kwa namna ambayo haikuwa imeelezwa vizuri kabla ya hapo, hali ambayo leo tunaiita usonji. Mtoto wa kwanza katika orodha yake alikuwa Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Donald alikua, akasoma hadi chuo kikuu, akafanya kazi katika benki ya mjini kwao kwa miongo mingi, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, na akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Familia yake ilikuwa na uwezo, na mji ulimpokea kama alivyo. Kila ninapofikiria bajeti ya huduma za usonji nakumbuka umri huo wa miaka 89. Michango mingi huombwa kwa picha ya mtoto, na ni sawa, watoto wanahitaji msaada mapema. Ila mtoto huyo atafika miaka 30, na 60, na wazazi wake hawatakuwepo daima.

Wazazi ndio walioanzisha sehemu kubwa ya huduma tunazoziona leo. Kulikuwa na kipindi ambapo waliambiwa kwamba ubaridi wa mama kwa mwanawe ndio uliosababisha usonji. Uongo huo uliumiza familia nyingi, mpaka mtaalamu wa saikolojia Bernard Rimland, mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, alipoupinga kwa hoja katika kitabu chake cha mwaka 1964. London, kundi la wazazi, akiwamo daktari Lorna Wing, lilianzisha mwaka 1962 chama ambacho leo kinaitwa National Autistic Society. Miaka 3 baadaye wakafungua shule yao, kwa sababu watoto wao walikuwa wakihesabiwa kuwa hawafundishiki. Fedha zilitoka mifukoni mwao na mwa watu waliowaonea huruma.

Kuchangia kupitia mshahara ni njia ya kuutawanya mzigo huo mabegani mwa wengi. Mfanyakazi hujaza fomu akitaja shirika analotaka kulisaidia na kiasi anachokubali kikatwe. Ofisi ya mishahara huingiza makato hayo kama inavyoingiza ya pensheni au ya chama cha wafanyakazi, na yanaonekana kwenye hati ya mshahara.

Uingereza ina utaratibu wa kisheria uliokomaa kwa jambo hili, ulioanza kutumika mwaka 1987. Mchango hutolewa kwenye mshahara kabla ya kodi ya mapato kukokotolewa. Mtu anayelipa kodi kwa asilimia 20 akitoa pauni 10, mshahara anaopeleka nyumbani hupungua pauni 8 tu, kwa kuwa zile 2 zingekwenda serikalini kama kodi. Anayelipa asilimia 40 hupungukiwa pauni 6. Scotland ina viwango vyake vya kodi, kwa hiyo hesabu hubadilika kidogo. Makato ya Bima ya Taifa, yaani hifadhi ya jamii ya serikali, huendelea kukokotolewa kwenye mshahara wote, na hivyo haki za pensheni ya serikali hazipungui. Hata mstaafu anayepokea pensheni ya kazini inayokatwa kodi moja kwa moja anaweza kushiriki, iwapo anayemlipa pensheni ameufungua utaratibu huo. Zamani palikuwa na kikomo cha kiasi ambacho mtu angeweza kutoa kwa mwaka. Kiliondolewa mwaka 2000.

Mwajiri hazipeleki fedha hizo mwenyewe kwa kila shirika. Huzituma kwa wakala wa michango aliyeidhinishwa na mamlaka ya kodi, HMRC, naye huzigawa kwa mashirika yaliyochaguliwa ndani ya siku 35. Wakala anaweza kukata ada kwenye mchango. Waajiri wengine huilipa ada hiyo wenyewe ili mchango ufike mzima, na huu ni wema wa gharama ndogo ambao ningependa kila mwajiri aufikirie. Jambo moja huwachanganya watu: Uingereza ina nafuu nyingine ya kodi iitwayo Gift Aid, ambapo shirika hudai kodi serikalini baada ya kupokea mchango. Mchango wa kupitia mshahara tayari umepata nafuu yake, kwa hiyo hauwezi kudaiwa mara ya pili.

Kwingine sheria ni tofauti. Australia, mwajiri anaweza kupunguza kodi anayoikata katika malipo yale yale yenye mchango. Marekani, makato hutoka baada ya kodi, na mchangiaji hudai nafuu anapojaza ritani ya kodi ya mwaka, kama anastahili. Popote ulipo, muulize mhasibu wa mishahara swali moja kabla ya kutia saini: mchango wangu unakatwa kabla ya kodi au baada? Na hati za mishahara zitunze, kwa sababu ndizo ushahidi wako.

Fedha iliyopewa nafuu ya kodi ni sadaka kamili, usiyotarajia kupata kitu badala yake. Mzazi hawezi kuutumia utaratibu huu kulipia vipindi vya tiba vya mwanawe mwenyewe. Nalitaja bila kumlaumu yeyote, maana gharama za kumlea mtoto mwenye mahitaji makubwa ni nzito, na ni rahisi kuelewa kwa nini mzazi angejaribu. Njia yake ni kuomba msaada wa moja kwa moja, na mashirika mengi ya usonji yana mtu wa kumwelekeza.

Waajiri nina ombi kwao kuhusu siri. Hati ya mshahara yenye jina la shirika la usonji inaweza kusema zaidi ya kiasi cha fedha. Huenda mchangiaji ana mtoto mwenye usonji, au yeye mwenyewe anao na hajamwambia mtu kazini. Wapo wanaoacha kuchangia kwa sababu hiyo tu. Basi orodha ya nani anatoa wapi ibaki kwa watu wachache wa mishahara, isibandikwe ukutani wala kusomwa kwenye mkutano, hata kwa nia ya kupongeza. Pongezeni idadi na jumla: wafanyakazi 50, kila mmoja akitoa pauni 5 kwa mwezi, ni pauni 3,000 kwa mwaka. Jumla hiyo inatosha kusherehekewa bila kutaja jina hata moja. Na kujiunga kuwe hiari kwelikweli. Msimamizi asipite mezani na fomu akisubiri saini, kwa sababu mtu aliyesaini kwa kuona haya hujitoa kimyakimya baada ya miezi michache.

Lipo pia hili ambalo nisingependa kulipita. Mahali pa kazi panaweza kuchangia usonji kila mwezi huku mfanyakazi mwenye usonji akishindwa kudumu hapo kwa sababu ya kelele, mikutano isiyo na ajenda, na usaili unaopima zaidi jinsi mtu anavyokutazama machoni kuliko anavyoijua kazi. Kumpelekea maswali ya usaili mapema, kumruhusu avae vizuia sauti, kumpa maagizo kwa maandishi: haya karibu hayana gharama. Mwajiri akiyafanya pamoja na makato, wafanyakazi wake wataelewa wanachangia nini bila kuhitaji hotuba.

Katika kuchagua shirika, hakikisha kwanza limesajiliwa. England na Wales rejista hutunzwa na Tume ya Mashirika ya Hisani, nayo iko wazi kwa kila mtu pamoja na hesabu za mwaka. Kisha soma lugha wanayotumia. Shirika linaloahidi kuuponya usonji likimbie. Katika jina la tiba, watoto wamenyweshwa kemikali za kung'arishia nguo, na wengine wamepewa dawa za kuondoa madini mwilini ambazo hawakuzihitaji. Hofu ya chanjo nayo bado ina watu wa kuieneza, ingawa makala ya mwaka 1998 iliyoiwasha ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010, na tafiti kubwa za nchi mbalimbali hazikuona uhusiano wowote kati ya chanjo na usonji. Angalia pia kama watu wenye usonji wamo kwenye bodi na katika maamuzi, au wamo kwenye picha za matangazo tu. Kwangu mimi hiki ni kipimo kizito kuliko uzuri wa ripoti ya mwaka. Usiogope kupiga simu na kuuliza ni huduma gani ingesimama kama michango ya kila mwezi ingekatika. Shirika linalojua kazi yake litakujibu papo hapo.

Kila tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kwa ajili ya kuufahamu usonji, majengo huwashwa taa za buluu na watu wengi huguswa kutoa. Ni wakati mzuri wa mwajiri kuitambulisha fomu ya makato. Atakayesaini siku hiyo anaweza kuanza na kiasi ambacho hatakihisi. Mchango mdogo wa miaka 5 tunaweza kuupangia kazi vizuri zaidi kuliko mkubwa wa miezi 2. Hali yake ikibanwa, anaruhusiwa kupunguza au kusimamisha, na hana haja ya kujieleza.

Na ukihama kazi, makato hayahami nawe. Yatakoma na mshahara wa mwisho, na shirika huenda lisijue kwa nini jina lako limetoweka, kwa kuwa fedha huja kupitia kwa wakala. Kama bado unataka kuendelea, muulize mwajiri mpya kama ana utaratibu huu na ujaze fomu nyingine. Kama hana, waandikie shirika mistari miwili, ili anayepanga mishahara ya wataalamu ajue mapema kwamba kuanzia mwezi ujao kuna pengo la kuziba.