Ukoko mweupe kwenye nyumba ya betri si tindikali

Jijini Dar es Salaam, mtu anapofungua redio au rimoti ya zamani na kukuta ukoko mweupe, aghalabu huambiwa kuwa betri imemwaga tindikali, hivyo aipake magadi ili kuizima. Bila shaka dhana hiyo inatokana na betri za magari, ambazo kweli hubeba tindikali ya salfa. Betri ndogo za alkali za volti 1.5 ni kinyume chake: ndani yake mna haidroksaidi ya potasiamu, ambayo ikivuja hukutana na kabonidayoksaidi ya hewani na kugeuka kuwa unga mweupe wa kaboneti. Kuupaka magadi, ambayo nayo ni alkali, hakuuzimi hata kidogo; kinachouyeyusha ni siki au maji ya ndimu, yakipakwa kidogo kwa kijiti chenye pamba.

Hata hivyo, magadi yana mahali pake, kwa sababu betri za bei nafuu za zinki na kaboni, ambazo bado zimejaa madukani, huvuja majimaji yenye utindikali kiasi. Basi soma kwanza ganda la betri, ujue kama ni ya alkali au ya zinki na kaboni.

Vaa glavu, toa betri, kwangua taratibu, kisha futa siki yote kwa spiriti na uache kifaa kikauke kabisa, maana siki iliyobaki nayo hula chuma, na unyevunyevu wa pwani huharakisha kutu. Springi iliyokwisha kuliwa haitibiki kwa siki, fundi ataibadilisha.