Mchezaji wa tenisi halipwi mshahara

Wapo wazazi Kampala wanaoamini kwamba mtoto wao akishaingia tenisi ya kulipwa, mshahara unaanza kuingia kila mwezi. Sivyo. Tofauti na mpira wa miguu, hakuna klabu inayomwajiri. Anakula anachoshinda; tiketi, hoteli, kocha na hata nyuzi za raketi ni juu yake.

Ngazi ya chini kabisa ya mashindano ya ITF (Shirikisho la Kimataifa la Tenisi) kwa wanaume ina zawadi ya jumla ya dola 15,000, wachezaji wote wanagawana. Bingwa huondoka na takriban 2,160 kabla ya kodi. Anayetolewa raundi ya kwanza hafikishi hata 200. Nauli ya ndege kutoka Entebbe mara nyingi huzidi hapo, na hilo linaniuma kwa vijana wetu wenye kipaji. Pointi zinazompa nafasi kwenye orodha ya ubora duniani nazo hufutika baada ya wiki 52, hivyo akiumia muda mrefu, anashuka.