Bure Mtandaoni Si Lazima Iwe Huria: dhana potofu kuhusu teknolojia katika ufundishaji wa vyuoni

Mhadhiri akiambiwa atumie nyenzo huria, kinachomjia kwanza kichwani ni kwamba hatalipa. Akiambiwa atumie teknolojia, anafikiria projekta. Mawazo yote mawili yanamfikisha nusu ya njia tu, na ni hapo katikati ambapo dhana nyingi potofu huzaliwa.

Dhana: "Kiko mtandaoni, hakilipiwi, basi naweza kukitumia nitakavyo."

Kwa sheria za nchi nyingi, andiko, picha au video hulindwa na hakimiliki tangu inapoundwa, hata kama mwenyewe hakuandika onyo lolote. Ukimya wake si ruhusa. PDF ya kitabu iliyopakiwa na mtu asiyejulikana haijawa huria kwa sababu tu umeipakua bila kulipa.

Kinachoifanya nyenzo kuwa huria ni leseni, yaani ruhusa ya maandishi inayosema unaweza kuitumiaje. Zinazotumika zaidi ni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Leseni kuu ni sita, na herufi zake hazina ugumu: BY, mtaje mwandishi, SA, utakachokitengeneza nacho ukitoe kwa leseni ileile, NC, usikifanyie biashara, ND, usisambaze ulichokibadilisha. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaponza wengi. Sura yenye ND unaweza kuwagawia wanafunzi kama ilivyo, lakini ukiitafsiri au ukiibadilishia mifano, huna ruhusa ya kuigawa hiyo yako mpya. Ndiyo maana pendekezo la UNESCO la Novemba 2019 halikuishia kwenye kupatikana bila malipo: linataka nyenzo iruhusu pia kutumiwa tena, kurekebishwa na kusambazwa. MIT, chuo kikuu cha Marekani kilichotangaza mwaka 2001 kuwa kitaweka kozi zake wazi, huzitoa kwa BY-NC-SA: tafsiri, kata, ongeza, ila usiuze.

Na kumtaja mwandishi hakuna ugumu wowote. Mstari mmoja chini ya kitini unatosha: "Kimetoholewa kutoka sura ya 3 ya *Introductory Statistics*, Illowsky na Dean, OpenStax, toleo la kwanza, leseni ya CC BY. Mifano imebadilishwa." Ukiongeza kiungo cha kitabu na cha leseni, umemaliza. Yale maneno mawili, "Mifano imebadilishwa", watu huyasahau, ilhali leseni inakutaka useme kama umegusa kitu.

Dhana: "Kitabu cha bure hakiwezi kuwa na ubora."

OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice ulioanza kutoa vitabu mwaka 2012, hutumia waandishi ambao ni wataalamu wa somo, na kazi zao hupitiwa na wahadhiri wengine kabla ya kutolewa. Hii haina maana kwamba kila kilicho huria ni kizuri; hifadhi za nyenzo zimejaa slaidi zilizoachwa njiani. Chagua sura moja, isome, kisha fanya maswali yake yote mwenyewe. Utajua.

Kwa maoni yangu, udhaifu wa vitabu hivi hauko kwenye usahihi, uko kwenye mifano. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuona besiboli ikichezwa atahangaika kwanza kuuelewa mchezo kabla hajafika kwenye hesabu za uwezekano. Kitabu cha kawaida ungekivumilia hivyohivyo. Cha huria una haki ya kuutoa mfano huo na kuweka mwingine, na cha kushangaza ni jinsi walivyo wachache wanaoitumia haki hiyo.

Dhana: "Tukinunua vifaa, ufaulu utapanda."

Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, alianza mwaka 1991 kukatiza mihadhara yake kwa maswali ya kuchagua jibu. Kila mwanafunzi alijibu peke yake, kisha akamgeukia jirani yake wabishane, kisha wote wakajibu tena. Baadaye zikaja rimoti za kupigia kura, na vyuo vikazichangamkia. Utafiti wa Nathaniel Lasry uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha rimoti hizo na kadi za kawaida za kuinua mkononi: uelewa wa wanafunzi haukutofautiana. Kilichofundisha ni ule ubishi.

Hali ni hiyohiyo kwa programu za kompyuta zinazoigiza majaribio ya sayansi za PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado. Ukizionyesha tu ukutani, zinakuwa sinema. Lakini waulize kwanza: balbu mbili zinazofanana, zimeungwa kwa mfuatano, ya pili itawaka hafifu kuliko ya kwanza? Waandike jibu na sababu. Wengi watasema ndiyo, kwani umeme "umeshatumika" kwenye balbu ya kwanza. Halafu waunge saketi wenyewe wazione zikiwaka sawasawa, zote mbili hafifu kuliko balbu ikiwa peke yake. Hapo ndipo kuna la kujadili.

Dhana: "Kizazi hiki kimezaliwa na simu, hakihitaji kuelekezwa."

Kuperuzi ni jambo moja. Kujua faili limehifadhiwa wapi, au chanzo hiki kinaaminika kiasi gani, ni jambo jingine. Tenga kipindi cha kwanza kwa hilo.

Dhana: "Bila intaneti ya uhakika haya yote hayawezekani."

Programu za PhET za kizazi kipya zinaweza kupakuliwa na kuendeshwa bila mtandao. Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila mtandao, humpa mtu Wikipedia nzima kwenye flashi. Moodle, jukwaa la kuendeshea kozi, ni programu huria, kwa hiyo chuo kinaweza kuiweka kwenye seva yake na wanafunzi wakaingia kupitia mtandao wa ndani bila kutumia bando. Video ndizo zinazokula data. Mara nyingi ukurasa mmoja wa maelezo yenye mchoro unafanya kazi ileile. Kabla muhula haujaanza, ingia kwenye kozi yako kama mwanafunzi, kwa simu ya kawaida, upakue unachotaka wasome, kisha uzime data uone ni kipi bado kinafunguka.